Mtoto Akikuomba Simu: Jinsi ya Kumkinga na Yasiyomfaa Mtandaoni

Jumapili moja jioni, saa moja na nusu, binti yangu wa Gredi ya Tatu alikumbuka kwamba kuna kazi ya CBC ya kupeleka shule Jumatatu asubuhi. Mzazi mwenzangu, hiyo hali unaijua. Walitakiwa kutafuta picha za wanyama wa shambani na watoto wao: ng'ombe na ndama, mbwa na kilebu, kuku na vifaranga. Nikampa simu yangu atafute, nami nikarudi jikoni kugeuza chapati. Yeye akaandika kwa Google neno la Kiingereza alilofunzwa darasani, ‘chicks’. Baada ya kama dakika mbili hivi nikasikia, "Mami, mbona hawa wasichana hawajavaa vizuri?"

Hazikuwa picha mbaya kupindukia. Ni wasichana waliovaa nguo za kuogelea, na chini yao tangazo la kumwalika mtu apige gumzo na warembo walio karibu naye. Lakini mtoto ana miaka minane. Nilimpokonya simu, nikamfokea, chapati ikaungua, naye akalia. Ni usiku, nikiwa kitandani, ndipo nilipojiuliza amekosa nini. Aliandika neno sahihi, akaona kitu kigeni, akamuuliza mamake. Alifanya vile ningetaka afanye, na mimi nikamfunza kwamba ukiuliza unafokewa.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu wateja wengi wanaotuuliza kuhusu watoto na simu hutaka kujua ni kitufe gani cha kubonyeza. Vitufe vipo na nitavieleza. Ila kabla ya hapo kuna jambo lingine ambalo sisi, kama watu wa pesa za simu, tunaliona zaidi ya wengine.

Simu ni pochi, shule na runinga kwa wakati mmoja

Kwa nyumba nyingi hapa Kenya, simu ya mtoto ni simu ya mzazi. Hiyo hiyo inayopokea malipo ya mteja, inayolipa kodi ya nyumba na kutuma pesa ushago, ndiyo inayofunguliwa kundi la WhatsApp la darasa, kisha jioni inaonyesha katuni ili mzazi apumue kidogo. Tangu shule zifungwe Machi 2020 na masomo yahamie kwa simu, hali hii imekuwa kawaida. Mtoto akishika simu yako ameshika pesa zako, na yule mtu asiyemjua anayezungumza naye kwa gemu amepata njia ya kuzifikia.

Mama mmoja alitupigia akilalamika kwamba pesa zinapotea kwa akaunti yake. Mia na hamsini leo, mia tatu kesho kutwa, halafu mia tano. Alikuwa na hakika ni hitilafu ya mitambo yetu, kwa kuwa hakuwa ameona meseji yoyote ya uthibitisho. Tulipomtumia taarifa ya akaunti ya miezi miwili, miamala yote ilikuwa hapo, imeenda kwa namba moja, na karibu yote ilifanywa kati ya saa nne na saa tano usiku. (Kufuta meseji hakufuti rekodi. Wazazi wengi hawalijui hili, na watoto pia hawalijui.) Kwanza alidhani kijana wake wa miaka kumi na minne ameingilia kamari. Siku mbili baadaye alipiga tena, sauti ikiwa tofauti kabisa. Kijana alikuwa amezoeana na "msichana" kwenye gemu, wakahamia WhatsApp, akatumiwa picha, naye akaombwa yake. Alipoituma tu, akaambiwa alipe au picha iende kwa kundi la darasa. PIN ya mamake aliijua tangu alipokuwa akitumwa dukani kununua unga.

Kijana huyo alilipa kwa wiki kadhaa kimyakimya kwa sababu aliogopa mamake kuliko alivyomwogopa huyo mtu.

Kwa hivyo tunaposema yasiyomfaa mtoto, hatumaanishi ponografia pekee. Kuna kamari, ambayo kisheria ni ya watu wa miaka 18 kwenda juu lakini matangazo yake hayaulizi umri wa anayetazama. Kuna video za mauaji na ajali. Kuna mikopo ya haraka. Kuna gemu ambazo ukibonyeza kitu kinachong'aa umejisajili kwa huduma inayokula salio kila siku. Na kuna watu.

Anza kwa kutenganisha pesa na mchezo

Hii sehemu haichukui hata dakika kumi na haihitaji bando.

Badilisha PIN ya pesa iwe tofauti na ile ya kufungua simu. Usitumie mwaka wa kuzaliwa kwa mtoto. Yeye ndiye wa kwanza kuujua. Na ukizoea kumwambia mtoto "niwekee PIN, ni moja mbili…" ukiwa na mikono ya unga, acha. Najua ni rahisi. Nami nimefanya hivyo.

Jambo la pili ni alama ya kidole, na hili huwapita hata wajuaji. Wazazi wengi husajili kidole cha mtoto kwa simu ili wasisumbuliwe kila mara kuifungua. Shida ni kwamba apu nyingi za pesa na za benki zikiruhusiwa kutumia alama ya kidole, zinakubali kidole chochote kilichosajiliwa kwa simu hiyo. Ukisajili kidole cha mtoto umempa sahihi yako. Kifute leo.

La tatu ni kufungia simu kwenye apu moja. Simu nyingi za Android zinaweza kufanya hivyo na ni ajabu vile wachache wanaitumia. Ingia ‘Settings’, tafuta sehemu ya ‘Security’, kisha palipoandikwa ‘App pinning’ au ‘Screen pinning’; kwa simu za Samsung ni ‘Pin app’. Iwashe, na uwashe pia kile kisehemu cha kuuliza PIN kabla ya kutoka. Sasa fungua ile apu unayotaka mtoto atumie, tuseme ya katuni au ya hesabu, fungua orodha ya apu zilizo wazi, gusa alama ya apu hiyo hapo juu na uchague ‘Pin’. Mpe simu. Hawezi kwenda kwa meseji zako, wala kwa picha, wala kwa pesa, mpaka wewe uweke PIN. Kwa iPhone jambo hili huitwa ‘Guided Access’ na liko ndani ya ‘Accessibility’.

(Majina ya menyu nimeyaacha kwa Kiingereza kwa kuwa ndivyo simu nyingi za hapa zilivyopangwa. Yanaweza kutofautiana kidogo kutoka simu moja hadi nyingine. Usipoliona neno hilo hilo, kuna kisanduku cha kutafuta juu kabisa ya ‘Settings’, liandike hapo.)

Kuziba mianya ya mtandao

Hakuna kichujio kinachozuia kila kitu. Anayekuambia kipo anakuuzia kitu. Lakini kama nyumba, huachi kufunga mlango kwa sababu dirisha linaweza kuvunjwa.

Google kwanza. Fungua apu ya Google, gusa picha yako upande wa juu, ingia ‘Settings’ kisha ‘SafeSearch’. Utaona chaguo tatu. Simu nyingi huja zikiwa kwa ‘Blur’, inayofifisha picha chafu lakini inabakisha maandishi na viungo vyake. Chagua ‘Filter’. Ikiwa ni ile tovuti ya kawaida unatumia bila kuingia kwa akaunti, utalazimika kufanya hivyo kwa kila kivinjari. Kwa kisa changu cha vifaranga, kusema ukweli, ‘Filter’ pengine isingesaidia sana, kwa kuwa nguo za kuogelea si ponografia. Ingesaidia kama ningeketi naye.

Google Play nayo ina kidhibiti chake: gusa picha yako, ‘Settings’, ‘Family’, ‘Parental controls’. Utaulizwa utengeneze PIN, kisha uchague umri ambao apu na gemu hazifai kuupita. Kumbuka haitaondoa zile ambazo tayari ziko kwa simu. Hizo ziondoe mwenyewe. Humo humo weka sharti la kuthibitisha kila ununuzi. Halafu kuna mlango wa nyuma. Apu nyingine za kamari na za mikopo hazipitii Google Play, zinapakuliwa moja kwa moja kutoka kwa tovuti au zinatumwa kwa WhatsApp kama faili. Nenda ‘Settings’, andika ‘Install unknown apps’, na uhakikishe kivinjari, WhatsApp na apu za kutumiana faili zote hazina ruhusa.

YouTube ina ‘Restricted Mode’ ndani ya mipangilio yake ya jumla. Inakaa kwa kifaa kile kile ulichoiwasha, kwa hivyo kuiwasha kwa simu yako hakugusi tableti ya shangazi. Kwa watoto wadogo kuna YouTube Kids, ambayo ina ngazi za umri, na pia njia ya kuruhusu video zile tu ulizozichagua wewe. Hiyo ya mwisho inachosha kuipanga lakini ni nzuri sana kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, ambaye kwa vyovyote anataka kuona video moja mara arubaini.

Ikiwa mtoto ako na simu au tableti yake, apu ya Google inayoitwa Family Link ndiyo ya maana zaidi, na ni ya bure. Unamfungulia akaunti ya mtoto, kisha kutoka kwa simu yako unaidhinisha kila apu anayotaka, unaweka saa za kulala, unaona anatumia nini kwa muda gani. Imekusudiwa kifaa cha mtoto mwenyewe. Kwa simu moja mnayoibadilishana haifai sana. Hapo rudi kwa kufungia apu moja. Wenye iPhone watumie ‘Screen Time’, na nambari yake ya siri isifanane na ile ya kufungua simu.

Sasa nieleze kitu ambacho wengi hawajakisikia, na ambacho mimi binafsi nakiona kina faida kuliko vyote vya juu kwa simu ya kawaida ya Android.

Kila tovuti ina namba, kama vile kila mtu kwa simu yako ana namba. Wewe unaandika jina, simu inauliza kitabu fulani cha namba kilicho mtandaoni, inapewa namba, ndipo tovuti inafunguka. Kwa kawaida kitabu hicho ni cha kampuni inayokupa mtandao, na hakibagui. Lakini unaweza kuiambia simu yako itumie kitabu kingine kinachokataa kutoa namba za tovuti za ponografia na za virusi. Kampuni ya Cloudflare ilianzisha kimoja cha namna hiyo kwa ajili ya familia mnamo Aprili 2020, nacho hakilipiwi.

Kwa simu yenye Android 9 au ya baadaye, ingia ‘Settings’, kisha ‘Network & internet’ (kwa Samsung ni ‘Connections’, halafu ‘More connection settings’), tafuta ‘Private DNS’. Chagua ile ya kuandika jina la mtoa huduma, uandike hivi bila nafasi yoyote katikati wala mwishoni:

family.cloudflare-dns.com

Hifadhi. Basi. Inafanya kazi ukitumia data na pia ukitumia waifai ya jirani, haikuli bando la ziada na hakuna apu ya kusakinisha. Mtandao ukikataa kabisa baada ya hapo, kuna uwezekano mkubwa umekosea herufi moja. Waifai nyingine za hoteli au za stendi ya basi pia huikataa. Ukiwa huko irudishe kwa ‘Automatic’ kwa muda. Kutuma na kutoa pesa kwa menyu ya laini au kwa kubonyeza nyota na reli hakuguswi hata kidogo, kwa maana huduma hizo hazipitii intaneti.

Udhaifu wake ni mbili. Kijana wa sekondari mwenye kudadisi anaweza kuingia hapo hapo akaizima, au akapakua apu ya VPN akaipita. Ya pili ni kwamba haioni ndani ya apu. Video mbaya iliyo TikTok inatoka mahali pamoja na video ya mapishi. Kitabu cha namba hakiwezi kuzitofautisha. TikTok ina ‘Family Pairing’, inayounganisha akaunti yako na ya mtoto, na ni wa miaka 13 kwenda juu wanaoruhusiwa kufungua akaunti ya kawaida. Kama wako ana kumi na ameshafungua, alidanganya umri, na TikTok inamhesabu kuwa mkubwa. Hapo huna cha kurekebisha, ifute.

WhatsApp, na sisi wazazi wenyewe

Nitasema jambo ambalo halitapendeza wote. Picha nyingi chafu ambazo watoto wetu wanakutana nazo hawakuzitafuta. Zilikuwa kwa simu zetu. Ziliingia saa sita usiku kutoka kwa kundi la mtaa, au la wale tuliosoma nao, au kwa yule mjomba ambaye kila familia anaye, zikajipakua zenyewe na kukaa kwa galari kati ya picha za ubatizo na risiti za karo. Asubuhi mtoto akafungua galari kuangalia picha yake.

Hili linatibika. Ndani ya WhatsApp, ‘Settings’, ‘Storage and data’, ondoa alama zote chini ya ‘Media auto-download’. Bando lako litakushukuru pia. Kisha ndani ya ‘Chats’ zima ‘Media visibility’ ili kitu kipya utakachopakua kisionekane kwa galari. Kwa ‘Privacy’, upande wa ‘Groups’, chagua ‘My contacts’, watu usiowajua wasikuingize kwa makundi ovyo. Makundi ya watu wazima unaweza kuyafungia kwa ‘Chat lock’. Kuna wanaoona haya kutoka kwa kundi la mjomba. Tokeni.

Kisha kuna zile video ambazo watu husambaza kwa nia njema: mtoto anadhulumiwa, na chini yake maandishi ya "sambaza hadi apatikane aliyefanya hivi". Usisambaze. Chini ya kifungu cha 24 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018, kuchapisha, kusambaza au kuwa na picha au video za ngono zinazohusisha mtoto ni kosa, na adhabu inaweza kufika faini ya shilingi milioni 20, au kifungo cha miaka 25, au vyote viwili. Nia njema yako haimpunguzii aibu yule mtoto, ambaye kesho atakwenda shule na wenzake wameshaiona. Ripoti aliyeituma, kisha uiondoe kwa simu yako.

Mtoto akishatishwa

Narudi kwa yule kijana wa miaka kumi na minne, kwa sababu hapa ndipo pesa na mtoto hukutana, na ndipo wazazi wengi hukosea wakiwa na hasira.

Usilipe tena. Aliyelipwa mara moja anajua kuna kisima. Mama yule alitaka kutuma elfu mbili za mwisho "amalizane na huyo mtu", tukamwomba asitume. Mtisha mtu hana mara ya mwisho.

Usifute chochote. Hamu ya kwanza ni kufuta mazungumzo, gemu, hata kuivunja simu. Huo ndio ushahidi. Piga picha za skrini za vitisho, za jina na namba ya anayetisha, na za tarehe na saa. Ila kama ndani ya mazungumzo kuna picha ya mtoto akiwa uchi, usiipige picha wala kuitumia mtu yeyote, hata sisi. Acha simu ilivyo na uipeleke kwa polisi.

Tupigie mara moja na utupe namba iliyopokea pesa na nambari za miamala. Ukituarifu mapema, kabla pesa hazijatolewa kwa wakala, kuna nafasi ya kuzizuia. Zikishatolewa inakuwa kazi ngumu, na sitakudanganya. Hata hivyo rekodi inabaki, na polisi wakiiomba kwa njia ya kisheria inapatikana. Pia jina linalotokea kwa meseji ya uthibitisho usilifuate mwenyewe wala kuliweka Facebook. Wahalifu hutumia laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine. Unaweza kumwangamiza mama mboga wa watu ambaye hajui lolote.

Piga 116. Hiyo ni laini ya Childline Kenya, ni ya bure, inafanya kazi mchana na usiku, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga bila ruhusa ya mtu. Watakupa ushauri na kukuunganisha na wanaohusika. DCI nao wana namba ya bure ya kutoa habari, 0800 722 203, na wana kitengo kinachoshughulikia ulinzi wa watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua unyanyasaji wa mtandaoni kama dhuluma dhidi ya mtoto, kwa hivyo usiruhusu mtu kituoni akuambie hayo ni mambo ya simu tu.

Na jihadhari na pigo la pili. Mtu akisikia umetapeliwa, mwingine hukupigia akijidai ni wa huduma kwa wateja, anataka "kukurudishia". Sisi hatutakuuliza PIN yako. Hata siku moja. Hata kama simu imepigwa na sauti ya upole inayolijua jina lako lote.

Mambo haya yote ni ya wewe mzazi. Ya mtoto ni machache: umwambie kwamba hayuko taabani, kwamba aliyekosa ni mtu mzima aliyemtisha, na usimnyang'anye simu siku hiyo hiyo. Najua mkono unawasha. Lakini mtoto akijua kwamba kusema ndiko kunakompotezea simu, hatasema tena, na wadogo zake wanaotazama hawatasema pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na ECPAT, INTERPOL na UNICEF kuhusu watoto wa Kenya mtandaoni ulionyesha jambo hilo hilo: walio wengi wanaofanyiwa mambo haya hawafiki polisi wala hawapigi laini ya msaada. Wakisema, humwambia rafiki, au hukaa kimya.

Kwa wale wadogo, wa umri wa binti yangu, maneno yanatosha. Wiki moja baada ya vile vifaranga nilimwomba msamaha. Tukakubaliana kwamba kitu cha ajabu kikija kwa skrini, ageuze simu kifudifudi mezani na aniite, na mimi sitauliza aliandika nini mpaka nikione kwanza. Amefanya hivyo mara mbili tangu hapo. Mara ya kwanza lilikuwa tangazo la kamari katikati ya gemu ya kupaka rangi. Ya pili ilikuwa video ya daktari akipasua jipu, na hiyo nilishukuru kwamba tulikuwa tumemaliza kula.

Simu yake mwenyewe apewe lini?

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi, hasa Novemba watoto wakifunga shule na wengine wakielekea ushago kwa nyanya, ambako binamu mkubwa ndiye mwenye bando na hakuna anayejua anatazama nini. Sina umri mmoja wa kukupa. Mtoto anayesafiri peke yake kwa matatu anaweza kuhitaji simu mapema kuliko anayetembea hatua mia kufika shule, na kama shida ni kupigiana tu, mulika mwizi ya vitufe inatosha kabisa, tena chaji yake inakaa siku nne.

Ukimnunulia yenye mtandao, laini isajiliwe kwa jina lako, mzazi au mlezi, wala si kwa kitambulisho cha jamaa wa duka la simu. Panga akaunti yake kabla hujaitoa kwa sanduku, maana kumwekea mtoto vizuizi baada ya kuzoea uhuru ni vita. Ukimwachia nyanya au msaidizi wa nyumbani simu ya kumtuliza mtoto, mwonyeshe vile ya kufungia apu moja; usidhani anajua. Na angalia mipangilio tena kila simu inapojisasisha au ukibadilisha kifaa, kwa kuwa mingine hurudi ilivyokuwa bila kukuambia.

Usiku simu zisiingie vyumba vya kulala. Miamala ile ya saa nne na saa tano isingewezekana kama simu ya mama ingekuwa mbali na kitanda cha kijana. Nyumbani kwetu chaja zote zimehamia sebuleni, kwa kile kisoketi kilicho karibu na runinga, na yangu pia hulala huko, ingawa wiki ya kwanza nilijipata nikiamka mara mbili kwenda kuiangalia.